Mwongozo kamili: kumwingiza mtoto kwenye msako wa kanga na kwale bila kumweka hatarini

Wazazi na wajomba wengi wa Lindi na Mtwara wenye bunduki halali hukwama mahali pamoja. Mtoto anamwona mkubwa akirudi na kanga wawili begani, anaomba aende, na Jumamosi inayofuata anachukuliwa. Porini anashtushwa na mlio, masikio yanavuma hadi jioni, au anakimbilia ndege aliyeanguka na kupita mbele ya mtutu ambao bado una risasi. Baada ya hapo anaogopa kabisa, au haogopi chochote, na huyo wa pili ndiye mwenye hatari zaidi.

Tatizo ni mpangilio: mtoto ameanzia porini, mahali anapopaswa kumalizia. Hatua zifuatazo huchukua wiki nane hadi kumi. Kanga hawaondoki Nachingwea wala Liwale kwa kusubiriwa miezi miwili.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote: humu hamna hatua ya mtoto kufyatua risasi. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu mzima kwa jina lake, na mtoto hana nafasi ndani ya leseni hiyo. Anachojifunza ni kuishi nyumba moja na bunduki, kutembea karibu na aliyeibeba, na kumjua ndege. Atakayemaliza haya vizuri atakuwa mwindaji salama siku atakapofikia umri wa kuomba leseni yake.

## Vitu vya kuandaa

- Bunduki ya marisau (inayorusha punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja) yenye leseni hai. Inayofunguka katikati (ya mtutu mmoja au miwili) ndiyo bora, kwa sababu ikifunguliwa kila mtu anaona kwa macho kama ina kitu ndani.
- Sanduku au kabati la chuma lililofungiwa ukutani, pamoja na kisanduku kingine cha risasi chenye kufuli na ufunguo wake.
- Fimbo ya mti iliyochongwa kama bunduki, urefu wa sentimita 110 hivi, na kitambaa chekundu cha kufunga kwenye ncha.
- Kinga za masikio za kufunika sikio zima, jozi moja kwa kila atakayekuwepo. Pamba haitoshi.
- Miwani ya kinga, hata ile ya mafundi wa kuchomelea isiyo na giza.
- Kofia na fulana ya rangi ya chungwa au nyekundu. Epuka bluu na nyeusi, kwa kuwa ndorobo huvutwa na rangi hizo. Kaptula ya shule ya bluu ni mwaliko kwao.
- Viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, kwa ajili ya kifutu, miiba na upupu.
- Maji lita 2 kwa mtoto, filimbi, bandeji pana na kitambaa safi cha kukandamiza jeraha.
- Mtu mzima wa pili. Huyu ni wa lazima kama ilivyo leseni. Akikosekana, safari iahirishwe.

Gobore lisiwe sehemu ya somo hili. Mengi hutengenezwa kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuhimili mlipuko wa baruti, na yakipasuka hupasukia usoni pa mwenye kufyatua na wote waliosimama kando yake. Tena mengi hayana leseni. Ikiwa nyumbani kuna gobore la urithi, liulizie kituo cha polisi namna ya kulisalimisha kabla ya kuanza kumfundisha mtoto lolote.

## Hatua ya 1: Makaratasi

Vibali ni viwili, na watu huvichanganya. Leseni ya silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na hupitia polisi. Hiyo hairuhusu kuwinda. Kuwinda ndege wa porini kunahitaji leseni ya uwindaji chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Anza kwa afisa wanyamapori wa wilaya: muulize aina ya ndege, idadi, eneo na tarehe, kisha uviandike.

Uliza pia mipaka. Pori la Akiba Lukwika-Lumesule lipo upande wa Nanyumbu, Msanjesi lipo Masasi, na Liwale inapakana na Pori la Akiba Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni rahisi kufuata kundi la kanga ukavuka mpaka usioonekana. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Mwonyeshe mtoto karatasi hizo na umsomee. Mtoto aliyeona kuwa baba yake huanza na kibali hatakuja kuona ujangili kama ujanja.

Na mama yake akubali. Huku kusini mara nyingi anayemchukua mtoto ni mjomba, na mjomba ana sauti kubwa, lakini mama ndiye anayejua kama mtoto analala vizuri, anasikia vizuri, na anatii anapoambiwa simama.

## Hatua ya 2: Nyumba kwanza (wiki ya 1 na 2)

Funga bunduki kwenye sanduku ikiwa tupu, risasi ziwe kwenye kisanduku chake mahali pengine, na funguo zikae mwilini mwako. Juu ya kabati, chini ya godoro na darini si maficho. Mtoto wa miaka sita anajua sukari ilipofichwa. Bunduki atajua pia.

Hatari kubwa ya huku ni msimu wa korosho. Familia inahamia shamba, bunduki inaenda kibandani au kwenye dungu kwa ajili ya ngedere na nguruwe, na sanduku la chuma linabaki mjini. Usipoweza kuhamisha sanduku, tafuta mnyororo na kufuli: mnyororo upite ndani ya mtutu uliofunguliwa hadi kwenye nguzo, ili bunduki isiweze kufungika. Risasi zikae kiunoni mwako.

Sasa mfundishe mtoto maneno manne kwa siku ile atakayokuta silaha bila mkubwa, iwe kwenu au kwa jirani: simama, usiguse, ondoka, sema. Anza hata na mtoto wa miaka minne.

Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo fanya zoezi. Weka ile fimbo iliyochongwa mahali asipotarajia, kwa mfano nyuma ya mlango au kando ya mtungi wa maji, na utazame kwa mbali. Wengi siku ya kwanza huiokota. Usimpige. Rudia naye pale pale: asimame, arudishe mikono, aondoke, aje kukuambia. Rudia tena baada ya siku tatu, mahali pengine.

Umefaulu pale mtoto anapokuja mwenyewe kukuambia mara tatu mfululizo bila kuigusa fimbo. Kama bado, usiendelee na hatua ya 3 hata kama pori linakuita.

## Hatua ya 3: Mdomo wa mtutu (wiki ya 3 hadi 5)

Hii ndiyo hatua inayookoa maisha, na ndiyo inayorukwa. Inafaa mtoto wa miaka minane na kuendelea. Mfundishe sheria nne:

1. Kila bunduki ina risasi mpaka uwe umeifungua na kuona mwenyewe.
2. Mdomo wa mtutu hauelekezwi kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu.
3. Kidole hukaa pembeni, kimenyooka, nje ya triga.
4. Usifyatue kabla ya kujua unachokilenga na kilicho nyuma yake.

Funga kitambaa chekundu kwenye ncha ya fimbo, mpe mtoto aibebe, na mzunguke nayo uani, shambani, chini ya mikorosho. Mwingine ahesabu kimya kimya mara ngapi kitambaa kimeelekea kwa mtu, mbuzi, nyumba, au mguu wa mtoto mwenyewe. Siku ya kwanza hesabu inaweza kufika 20 ndani ya dakika kumi. Mwambie hesabu hiyo bila kumcheka.

Kisha ongeza magumu ya kweli: kuruka mfereji, kupita chini ya tawi, kugeuka anapoitwa kwa nyuma, kukaa chini kupumzika, kumpa mtu mwingine fimbo. Hapa mtoto anajifunza kwamba anayepokea hupokea bunduki iliyofunguliwa, na anayetoa haachii mpaka asikie neno. Kwa mfano:

"Mjomba, tupu."
"Nimeona, tupu. Nimeshika."

Ndipo aachie.

Mfundishe pia kuanguka, jambo ambalo wengi hulisahau. Mtu akijikwaa, mikono hukaza yenyewe, na kidole kilicho kwenye triga hukaza pamoja na mingine. Hiyo ndiyo sababu ya sheria ya tatu. Aanguke kwenye majani laini mara kadhaa akiwa na fimbo yake, kidole kikiwa nje na mdomo ukielekea mbali.

Adhabu iwe moja tu: kitambaa kikimpita mtu, zoezi la siku hiyo limekwisha. Bila kelele. Fimbo inarudi ndani.

Umefaulu pale hesabu inapokuwa sifuri kwa matembezi matatu ya nusu saa, ukiwemo wakati anapozungumza na wenzake. Umakini wa dakika tano hauna maana.

## Hatua ya 4: Bunduki yenyewe, tupu, mikononi mwako

Nusu saa inatosha, mara mbili. Risasi zibaki chumba kingine zikiwa zimefungwa. Bunduki iwe mikononi mwako muda wote, mtoto anaangalia.

Fungua, tazama ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), ingiza kidole kuhakikisha, kisha mtu mzima wa pili afanye vivyo hivyo. Mtoto aseme kwa sauti anachokiona. Mwonyeshe mtutu, chemba, triga, kitako na kitufe cha usalama. Mweleze kuwa kitufe hicho ni kipande cha chuma kinachochakaa, na hakichukui nafasi ya mdomo ulioelekezwa pazuri.

Mwonyeshe mambo mawili yanayopasua mitutu. La kwanza ni uchafu: tope au mchanga kwenye mdomo wa mtutu baada ya bunduki kugusa chini. La pili ni risasi ndogo ya geji 20 kuingia kwenye bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba). Inateleza na kukwama mbele ya chemba. Mwenye bunduki anaona chemba tupu, anaweka risasi nyingine nyuma yake, na mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana risasi za geji mbili hazikai mfuko mmoja.

Kisha toka naye nje upime umbali. Marisau namba 6 (namba ya ukubwa wa punje) humwangusha ndege vizuri ndani ya mita 35 hivi, lakini punje zake zinaweza kuruka zaidi ya mita 200. Mpeleke uwanja wa mpira, mtembee urefu wake mara mbili, kisha mgeuke nyuma. Anapaswa kuelewa kwa miguu yake kwa nini hatufyatui tukijua kuna watu wanaookota korosho ng'ambo ya kichaka.

## Hatua ya 5: Mlio

Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 140, kiwango ambacho pigo moja linaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Sikio lililoharibiwa hivyo halirudi. Kwa hiyo kinga huvaliwa na wote, na mkubwa ndiye anayekagua kama ya mtoto imekaa sawa: nywele au kofia ikiingia kati, sauti inapita.

Fanya hili kwenye uwanja wa shabaha, au kwenye eneo na siku ya kibali chako. Mtoto akae na mtu mzima wa pili mita 60 nyuma ya mfyatuaji. Risasi moja. Muulize amejisikiaje. Akitulia, msogee hadi mita 30, kisha 10. Akilia au akiziba uso, rudini nyumbani bila kumwita mwoga. Mtoto aliyelazimishwa hapa atafumba macho na kukimbia siku ya msako, na mtu anayekimbia bila kuona ni hatari kwa wote.

Mwisho, weka papai lililoiva umbali wa mita 10, mbele ya tuta la udongo laini. Usitumie mwamba wala kichuguu kigumu, kwa kuwa marisau hugonga na kurudi. Lifyatue. Fungua bunduki, onyesha kuwa ni tupu, kisha mwende pamoja mkalitazame papai. Usiongeze hotuba. Mtoto akinyamaza, somo limeingia.

## Hatua ya 6: Kumjua ndege bila bunduki (wiki ya 6 hadi 8)

Hapa ndipo penye utamu, na usiharakishe. Nendeni asubuhi, saa 12 hadi saa 3, mkiwa na maji na daftari tu.

Kanga wa kawaida, mwenye upembe kichwani na madoa meupe, hutembea kwa makundi. Usiku hulala juu ya miti. Alfajiri hushuka na kuelekea mashamba yaliyovunwa kuokota punje na wadudu. Mtafute kwa vumbi: kundi huoga vumbi mahali pale pale na kuacha vijishimo vya mviringo na manyoya. Akishtuka hukimbia kwanza, na huruka tu anapobanwa.

Kororo, mwenye kishungi cha manyoya meusi yaliyojikunja, hukaa vichakani na kwenye misitu minene. Vichaka hivyo haviruhusu kuona kilicho nyuma ya ndege, kwa hiyo si mahali pa kumpeleka mtoto siku ya bunduki.

Kwale hujibana kwenye nyasi mpaka umkaribie hatua chache, kisha huruka ghafla kwa kishindo cha mabawa. Ni wa jamii moja na wale ndege wenye mikia mirefu wanaowindwa Uingereza na Marekani (kwa Kiingereza pheasant), na tabia hiyo ya kujibana kisha kulipuka wanafanana. Kishindo hicho humfanya hata mkubwa ageuke na mtutu bila kufikiri. Ndiyo maana mtoto alizoee akiwa mikono mitupu.

Mpe kazi ya kuhesabu: kundi lina kanga wangapi, wangapi ni vifaranga, wamelala mti gani. Mkikuta kundi lenye vifaranga wadogo, mwandike kuwa haliguswi.

Julai nyasi bado ndefu na upupu umekauka; vinyweleo vyake hupeperuka kwa upepo. Vikimpata mtoto, asijikune. Bandika utepe wa gundi (selotepu) kwenye ngozi na uibandue mara kadhaa, ndipo aoge. Septemba na Oktoba pori liko wazi zaidi na ndege hukusanyika karibu na maji, lakini tembo nao huja hapo. Mkiona kinyesi kibichi cha tembo au matawi yaliyovunjwa hivi punde, rudini mlikotoka.

Umefaulu pale mtoto anapotofautisha sauti ya kanga na ya kwale, na kukuonyesha njia ya kundi kabla hujamwonyesha wewe.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Bunduki moja, mtoto mmoja, wakubwa wawili. Mmoja amebeba bunduki na hana kazi nyingine. Wa pili kazi yake ni mtoto tu, na hashiki silaha.

Mtoto atembee nyuma ya mwenye bunduki, upande wa bega la kushoto kama anafyatulia kulia, akiwa ndani ya urefu wa mkono wa mlezi wake. Asibaki nyuma mita ishirini, kwa sababu mfyatuaji akigeukia kwale aliyeruka nyuma, hapo ndipo mtoto atakapokuwa.

Kubalianeni maneno mapema. "Simama" ni kuganda ulipo. "Chini" ni kuchuchumaa. Mtoto pia ana haki ya kusema "simama", na mfyatuaji lazima amtii hata kama kundi liko mbele yake. Mara nyingi mtoto huwa ameona mtu.

Ndege hafyatuliwi mpaka uone anga chini yake. Aliye ardhini au aliye chini ya usawa wa kichwa aachwe: nyuma ya nyasi kunaweza kuwa na mchuma uyoga au mtoto wa jirani. Kila mnapofika kwenye mfereji, gogo au njia ya watu, bunduki ifunguliwe na risasi zitolewe. Kwenye gari au bodaboda isipande na risasi kamwe.

Risasi ikigoma kulipuka, mdomo ubaki unaelekea mahali salama na kila mtu ahesabu hadi 30 kabla ya kufungua. Nyingine huchelewa.

Saa 4 iwe mwisho. Jua likikaza, mtoto huchoka, na aliyechoka huacha nafasi yake.

Kurudi bila ndege si kushindwa. Mtoto akiona mkubwa ameshusha bunduki kwa sababu hakuona anga, amepata somo ambalo maneno hayawezi kulitoa.

## Hatua ya 8: Ndege aliyeanguka

Hakuna anayekimbia. Mfyatuaji afungue bunduki, atoe maganda, aseme "tupu". Mlezi ajibu "tupu". Ndipo mtoto aongoze kwenda, akiwa ameshika alama ya mahali: mti fulani, kichaka fulani. Kanga aliyejeruhiwa hukimbia mbali, na kumtafuta mpaka apatikane ni wajibu. Mkubwa ammalize haraka. Kwa nyumba inayokula kilichochinjwa, kisu kiwe kikali na kiunoni, si ndani ya begi.

Nyumbani, mtoto ashiriki kunyonyoa na kuhesabu matundu. Kata na utupe nyama yote iliyopondeka au kuganda damu, kwa sababu risasi nyingi ni za madini ya risasi na vipande vyake vidogo havionekani kwa macho. Madini hayo huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Watoto wadogo na wajawazito wasifanye nyama hii kuwa mboga ya kila wiki. Wote wanawe kwa sabuni kabla ya kula.

Bunduki isafishwe na kufungiwa kabla chungu hakijawekwa jikoni. Jioni muulize mtoto: mdomo wa mtutu ulikuwa unaelekea wapi tulipovuka mfereji? Tulimwacha ndege gani, na kwa nini? Ni wapi mimi nilikosea? Akijibu la tatu kwa kutaja kosa lako la kweli bila woga, unaweza kupanga safari ya pili.